Treni ya Bustanini

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mmeamkaje huko Bujonde? Mguu wa baba umepona, au bado anakwenda kwenye kakao akichechemea? Mimi ni mzima, na masomo ya kidato cha tatu yanakwenda. Nakuandikia kwa ajili ya Lusajo. Kwenye simu mama mdogo huwa karibu, nashindwa kusema.

Tangu nije naye hapa Dar es Salaam aanze darasa la kwanza, Lusajo hali chakula vizuri. Jumamosi mama mdogo alitupeleka bustani ya watoto ili achangamke. Ni pazuri, Mama. Kuna mabembea, bwawa la bata, na treni ndogo inayozunguka bustani ikipiga honi.

Alipoiona ile treni alichangamka kweli. Bisi alizonunuliwa hakula hata moja, akaniomba niufunge mfuko vizuri. Kisha akamwendea mama mdogo, akampa mikono yote miwili kumshukuru.

"Ndaga fijo, mama mdogo, kwa kunitunza."

Mama mdogo akacheka, akaniambia mdogo wangu sasa ameupenda mji. Mimi nilielewa tulipokwisha kukaa ndani, treni imeshaondoka.

"Dada, nikisinzia uniamshe Mbeya, basi la Kyela lisituache."

Alikumbuka treni tuliyokuja nayo. Tukapita bata, tukapita mabembea, tukarudi palepale. Mama mdogo alikuwa amesimama anatupungia. Lusajo alimtazama sana.

"Na yeye kaja Mbeya?"

Hakulia, Mama. Alishuka na mfuko wake, akakaa kwenye benchi, akasema tungoje ile nyingine. Tulikaa naye mpaka mlinzi akaja kufunga geti.

Mama mdogo anasema atazoea, na kwamba wewe na baba mlishakubaliana naye Lusajo asome huku. Siwezi kubishana na wakubwa. Lakini mfuko wa bisi uko chini ya mto wake. Zimelainika, na hataki mtu aziguse, anasema ni zako, haji nyumbani mikono mitupu. Kila jioni ananiuliza treni inapita lini. Niambie nimjibu nini.

Nisalimie baba, bibi anayetuchomea ndizi, na mjomba anayevusha mchele kwenda Malawi.

Nimemuuliza Lusajo niandike salamu gani kutoka kwake. Amesema nisiandike kitu, atakuja kukusalimu mwenyewe.

Mwanao,
Atupele