Rispa Huonja Kwanza

Jumatano, Julai 1983

Baridi ya Julai imeikalia Kawangware tangu asubuhi, na mashuka niliyofua jana bado yanadondosha maji kwenye kamba. Yakikauka yatachafuka tena. Leo ni siku ya sita ya kuhara katika nyumba hii.

Wanaoishi hapa ni watu wazima tisa ambao akili zao zilikua polepole kuliko miili. Mimi ndiye mlezi wao. Watano wameugua. Kwangu Kibera sijakanyaga tangu yaanze, naogopa kuwapelekea watoto wangu ugonjwa, kwa hiyo nalala jikoni.

Nilidhani nimefanya kila kitu. Nilichemsha maji, nikamwaga dawa chooni, nikapaka vikombe rangi ili kila mtu ajue chake. Nikamgombeza hata mzee anayetuuzia maji, mbele ya wateja wake. Na bado wakazidi kuanguka, mmoja mmoja.

Jana muuguzi wa zahanati alikuja wakati wa uji. Alisimama mlangoni akimtazama Rispa, mmoja wa hao tisa, akigawa vikombe, kisha akaniuliza, "Kwani huyu hunywa kwa kila kikombe?"

Kikulacho ki nguoni mwako.

Ni mimi niliyemfundisha. Miaka mitatu iliyopita mwenzake Okoth, ambaye haongei, aliungua ulimi kwa uji. Hakulia, tulijua alipokataa chakula siku mbili. Nikampa Rispa kazi: onja kwanza, ukisikia si moto, mpe. Rispa hafanyi kazi nusunusu. Tangu siku hiyo hupiga funda moja kwenye kila kikombe, husema "Si moto," ndipo akukabidhi. Nimeiona kila asubuhi mpaka nikaacha kuiona. Yeye ndiye aliyeugua wa kwanza, akapona upesi, akarudi kugawa uji, nami nikamsifu kwa bidii yake.

Basi jana nikamnyang'anya kazi, tena kwa ukali. Hasira zilikuwa zangu juu yangu, zikamwangukia yeye. Alienda akakaa kizingitini, mikono mapajani, na hakuniangalia tena hadi jioni.

Na Okoth ndiye mgonjwa zaidi. Macho yamezama, midomo imekauka. Muuguzi aliacha neno moja: anywe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo mchana kutwa, la sivyo tutampoteza.

Leo asubuhi nikamshikia kikombe. Akafunga mdomo. Nilibembeleza, nikaimba, nikajifanya naonja. Akageukia ukuta. Saa nne hivyo hivyo, saa sita hivyo hivyo.

Ilinichukua muda wote huo kuelewa kwamba alikuwa anamngoja Rispa amwonjee.

Nikamwita Rispa. Nilimwosha mikono kwa sabuni hadi viwikoni, nikampa kikombe chake chekundu na cha Okoth cha kijani, vyote vina maji yale yale. Nikamwomba anywe chekundu tu. Nilimwonyesha mara nne. Mara ya tatu cha kijani kilimfika mdomoni, nikakimwaga, nikakiosha, tukaanza upya. Mara ya tano akakaa kando ya kitanda, akanywa chake, akasema, "Si moto."

Okoth akafungua mdomo.

Amemaliza vikombe vitatu tangu saa nane. Jioni hii amelowesha shuka kwa mkojo, na sikumbuki lini nilifua shuka kwa furaha namna hii.

Rispa sijamwomba msamaha. Nilijiambia hataelewa, lakini ukweli ni kwamba naona haya. Nitaanza na yeye asubuhi, kisha niende kwa mzee wa maji.

Halafu uji ataugawa yeye, kikombe chake chekundu mkononi, akipiga funda moja humo kwa kila mtu mezani. Utapoa kabla hajafika wa mwisho.

Acha upoe.