Kiti Nilichokilipia

Baba,

Shikamoo. Najua ungeitikia, "Marahaba, mama," halafu ungeniuliza nimekula nini. Leo usiniulize hayo. Kuna jambo nilikuficha ukiwa hai, na tangu tukuzike linaninyima amani hata kanisani.

Shamba la bondeni uliliuza nikasomee urubani, na hela ilikwenda huko kweli. Nilichokuficha ni kuhusu lile la juu, ulilomwahidi mdogo wangu Emanueli, ukaliuza nalo kwa ajili yangu. Nilikuambia kampuni imeniajiri, inataka dhamana, itairudisha. Baba, haikuwa dhamana. Nilikuwa na leseni mkononi, nimezunguka miaka miwili, na kila ofisi inaniambia sina uzoefu. Mwisho kampuni moja ikasema: lipia mafunzo ya ndege yetu, lipia na mwaka mzima wa kukaa kando ya kapteni, upate masaa yako ya kuruka. Nikalipa. Mshahara haukuwepo, posho ya chakula tu.

Uliniuliza kwenye simu, "Hivi rubani analipwa na nani, serikali au abiria?" Nikasema, "Kampuni, Baba." Nikakusikia ukimwambia mtu pembeni yako, kwa furaha, "Analipwa na kampuni!" Abiria nyuma yangu walikuwa wamelipa nauli. Na mimi nilikuwa nimelipa.

Kisha ukaugua. Emanueli akakupeleka hospitali ya Haydom kwa basi, akanipigia: "Dada, Baba anakutaja. Njoo." Niliomba ruhusa. Wakaniambia naweza kwenda, ila wanaosubiri kiti hicho ni wengi na hela hairudi. Nikabaki. Emanueli nikamwambia ratiba imebana.

Alhamisi ile tulitoka Mwanza asubuhi kwenda Dar, mbingu nyeupe bila wingu. Mimi hukaa kulia. Nikauona mlima Hanang, nikajua Haydom iko hapo chini, nikatafuta mabati ya hospitali. Sijui kama niliyoyaona ndiyo yenyewe. Niliangalia mpaka kapteni akaniuliza nimepoteza nini. Emanueli aliniambia baadaye kwamba siku hiyo ulimwambia nesi, "Binti yangu anarusha ndege. Akipata nafasi atashuka."

Sikushuka. Jumamosi ukafariki.

Kwenye mazishi nilivaa sare kwa sababu Mama aliniomba. Watu walinipa mkono wakimpita Emanueli, yeye aliyekuogesha na kukubeba mgongoni mpaka chooni. Nilisimama tu na mistari yangu mabegani.

Mwaka wangu umekwisha, Baba. Kampuni ilinishukuru, ikamkalisha kijana mwingine aliyelipa. Nina miezi mitatu hapa nyumbani Tlawi na Mama anadhani ni likizo. Emanueli analima lile shamba la juu kwa kukodi.

Juzi akaja Mzee Paskali, yule rafiki yako wa Masakta. Anataka kuuza shamba lake ili binti yake awe kama mimi. Tulisimama karibu na zizi, Mama akiwa ameenda kwenye sala za jumuiya. Nilianza kumjibu kama nilivyozoea, nikakwama. Halafu nikamweleza yote. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo, binti, ulikuwa unalipa ili ufanye kazi?"

"Ndiyo, mzee."

Akavaa kofia yake, akanishukuru, akaondoka bila hata kunywa chai.

Sikujua Emanueli alikuwa ndani ya zizi anakamua. Alitoka na ndoo ya maziwa. Nilidhani atanitukana, ningependa anitukane. Akasema, "Ungeniomba tu, dada. Ningekupa." Akapita, akaenda kuchuja maziwa.

Baba, hilo ndilo linaloniua. Sikumwomba. Nilikudanganya wewe nikamnyang'anya yeye, na wote wawili mngenipa.

Nimeandika barua ya kuomba kufundisha hisabati shule ya kata. Kiti kingine cha kulipia sitafuti. Nikipata mshahara, kodi ya shamba nitalipa mimi, na nitalima na Emanueli, sitalima kama mgeni. Msamaha wako siwezi kuusikia tena. Huo nimeukosa kwa mikono yangu.

Mama amerudi kutoka sokoni, yuko jikoni anapepeta mahindi. Bado anawaambia watu nitarudi angani wiki ijayo. Nakuahidi hivi: nikikunja karatasi hii naingia jikoni, nakaa chini mbele yake, namwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu.

Pumzika, Baba. Kwaheri.

Naenda sasa.

Binti yako,
Yuliana