Kwa Nini Siwajibu Waandishi

Pittsburgh, mwezi wa Agosti

Mama yangu mpenzi,

Kwanza naomba baraka zako, kama ninavyoomba kila niingiapo mlangoni kwako. Goti linaendeleaje? Shangazi Nereida bado anagombana na jogoo wa jirani? Mimi ni mzima, ila mbavu zimevunjika na mdomo umeshonwa, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Ungenisikia nikitafuna maneno ungelia.

Najua redio ya hapo Baní imeshakwambia kwamba mwanao ni mnyama. Nisikilize mimi niliyekuwepo.

Jumapili ile, kwenye mechi ya besiboli, mpira niliorusha ulimpata Darnell Prewitt, mpigaji mkongwe wa timu pinzani, chini ya jicho la kushoto. Sikukusudia. Mlio wa pigo lile, Mama, ulikuwa kama kibuyu kikavu kimekanyagwa. Alianguka chali, damu ikamjaa sikioni. Kabla sijamfikia, wenzake walinivamia wakanilaza chini, viatu vyao vya meno vikinichana mgongo, huku Efraín, mdakaji wetu, akiwavuta shingo na kufoka, "Mwacheni, wajinga nyie! Hamwoni analia?"

Kweli nilikuwa nalia.

Baada ya mechi waandishi walifurika chumba cha kubadilishia nguo. Unanijua, sijawahi kuwa mtu wa maneno. Miaka yote hapa nawajibu "ndiyo", "hapana", "tunamshukuru Mungu". Mmoja wao, Kessler, alinisogezea kinasa sauti hadi puani. "Eliseo, ulimlenga? Sema basi, au ulimi umeuacha kwenu?" Nikavaa shati nikatoka. Kesho yake akaandika kwamba kunyamaza kwangu ni kukiri.

Watu wakaamini. Nilipokuwa natoka dukani na ndizi zangu za kupondea mangú, kundi la wanaume likanizingira. Mmoja akanivunjia chupa mdomoni. "Sasa utaongea!" Nilimtwanga ngumi ya koo akadondoka akikoroma, lakini wenzake walinipiga mateke mpaka nikasikia mbavu zinakatika. Mwenye duka, mwanamke mnene wa makamo, alitoka na birika la maji ya moto akawamwagia. Bila yeye usingeisoma barua hii.

Kocha na Efraín wananisihi nijitetee. Siwezi, na sababu nakupa wewe peke yako.

Asubuhi baada ya mechi nilikwenda hospitali. Darnell alimwomba mkewe atupishe, akanishika mkono. Akaniambia hakuuona mpira. Jicho lile lilianza kufifia tangu baridi ilipoisha, naye akamficha kila mtu, maana timu ikijua alicheza hivyo itamtupa bila kumlipa fidia. "Ukisema hukunilenga," akaniambia, "watauliza mbona sikukwepa. Mpira ule hata babu yangu angeukwepa. Nyamaza, ndugu yangu. Nakuomba."

Nikamkubalia. Siku iliyofuata walimng'oa jicho.

Kwa hiyo, Mama, wakija na vipaza sauti barazani, wakaribishe vitini, neno usiwape. Hata padri asijue.

Mbavu zikipona narudi kurusha. Watanizomea, na hilo nitalizoea. Kinachonitisha ni kwamba tangu Jumapili ile, hata mazoezini, mpigaji yeyote akisimama mbele yangu, kabla sijarusha, namtazama macho, na mkono unakataa kuachia mpira.

Nisalimie Shangazi na wote wanaouliza habari zangu kwa wema. Niombee.

Mwanao akupendaye,
Eliseo