Sponji Uliyonikataza Kugusa

Anko Wafula,

Niaje? Ulikuwa unasema mtu akipita kibanda chetu cha ufundi bila salamu, huyo ana shida kichwani. So mimi Nasimiyu nakusalimia, hata kama hujibu.

Ni miezi minne sasa tangu tukurudishe nyumbani Bungoma tukakulaza kando ya mama yako. Presha ilikuangusha Jumanne, hukuzungumza tena, na Alhamisi asubuhi nikapigiwa simu kwamba umeenda, nikiwa ndio nafungua kibanda. Nilifunga tena. Nikakaa kwa ile tairi yako kuukuu, kufuli mkononi, na sikulia. Nililia wiki mbili baadaye, nilipopata glavu zako chini ya sanduku la spana, zimekunja vidole vile mikono yako ilikuwa inakunja. Aki Anko, hiyo siku nililia mpaka mama wa mboga akakimbia kuona kama nimejikata.

Vitu vyako vilishagawanywa, vile hufanywa kwetu. Koti alichukua ndugu yako mkubwa, viatu karibu viletee watu vita. Godoro lako la maua ndilo halikuwa na mtu, kwa sababu kona moja ya upande wa miguu ilikuwa imetoka kipande, mraba kabisa. Nilisema ni panya. Mamangu akasema basi panya wa Kawangware wanakula na rula, na tukacheka, mara ya kwanza tangu matanga. Nikalifunga na kamba nikalileta kwangu, mtaa wa Raila. Liko nyuma ya mlango, limesimama.

Kibanda waliniachia, na skuta yako pia, kwa sababu hakuna mwingine anayeijua tabia yake. So kila asubuhi natoka Raila, napita Ayany, naingia Kawangware na ovaroli yangu, na watu bado wanageuza shingo. Wateja wengine walibaki. Wengine wanafika, wanachungulia, wanauliza, "Fundi ako wapi?" Nikisema fundi ni mimi, wanaangalia nyuma ya matairi kama umejificha hapo.

Halafu skuta yenyewe ikaanza kuniaibisha. Ukiongeza moto inasita. Inatoa moshi mweusi, na kwa ule mlima wa kwenda Riruta inataka kuzima katikati ya magari. Nilibadilisha plagi. Nikafungua karbureta nikaiosha, mara mbili. Nilijaribu kila kitu, isipokuwa kile ambacho mtu wa wiki ya kwanza ya ufundi angeanza nacho. Filta ya hewa sikugusa.

Unajua ni kwa nini. Kifuniko cha filta ulikifunga wewe, Jumamosi kabla ya ile Jumanne, na kidole gumba chako kiliacha alama hapo juu, ya grisi. Ilikauka hapo. Kila asubuhi kabla sijawasha nilikuwa naiangalia. Sikutaka kuigusa na bisibisi yangu.

Na pia nilikuwa bado na hasira na wewe. Wacha niseme tu, kwani nitamwambia nani mwingine? Miaka miwili, Anko. Injini ya mtu ulikuwa unaniachia nafungua yote, wewe umeketi hapo na chai yako. Lakini ikifika Jumamosi, saa ya kuosha filta ya skuta yako, kazi ya dakika kumi, unanyoosha mkono: "Hiyo moja niachie mimi, Nasi." Unanigeuzia mgongo kabisa, unaosha peke yako. Wateja wanaona. Ile Jumamosi ya mwisho nikachoka, nikakwambia mbele yao wote, "Anko, wewe huniamini. Bado unaniona yule msichana alifukuzwa kule gereji ya kwanza." Ulicheka tu. Ukafuta mikono kwa suruali, ukafunga kifuniko. Mimi nikachukua begi nikaenda bila kusema kwaheri, na Jumatatu sikuja kazini kwa hasira.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Wewe huniamini. Nimelala nayo miezi minne.

Sasa wiki iliyopita Kevo wa boda, si unamjua na mdomo wake, alileta pikipiki yake nimwangalizie breki. Ndio nafika na skuta, ikapiga kikohozi mara tatu ikazima mbele yake. Akasema kwa sauti, "Sista, fundi gani skuta yake inakohoa?" Wenzake wakaanguka kicheko. Akageuza pikipiki akaenda kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara, na wawili wakamfuata. Nilibaki nimesimama na spana. Nikaona vile kibanda chako kitaisha. Hakuna mtu ataninyang'anya, wataondoka tu, mmoja mmoja, wakicheka.

So Jumamosi nilifungua.

Nilishika kifuniko kwa kingo, polepole, kama mtu anabeba mayai. Sponji ya filta ndani yake ilikuwa nyeusi, nzito, vumbi imegandana na oili. Hakuna hewa ingepita hapo. Nikaiweka kwa karai, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikaanza kuifinya kati ya viganja. Kufinya tu, bila kusokota, vile ulinifundisha na sponji za wateja. Maji yakawa rangi ya strungi, chai bila maziwa. Nikamwaga, nikaweka mengine. Maji ya tatu ndiyo rangi ikaanza kutokea, na haikuwa rangi ya sponji ya skuta. Ile ya dukani ni nyeusi. Hii ilikuwa ya manjano. Na ukingo mmoja ulikuwa na uzi wa bluu, na kakitambaa kadogo ka maua kamebaki kameshikilia.

Nilijua hilo ua. 

Nilifunga kibanda saa nane mchana, nikaenda Raila kwa miguu, sponji iko kwa karatasi. Nikatoa godoro nyuma ya mlango. Nikaiweka pale kwa kona ya panya, na ikaingia. Imechakaa, imepungua kidogo, lakini uzi ulikutana na uzi.

Hapo ndio nikakumbuka wiki yangu ya kwanza. Ulikuwa umeniachia nioshe sponji ya skuta yako peke yangu, na mimi kwa kujifanya najua, nikailoweka kwa thina, ile ya kuyeyusha rangi, kwa sababu kule nilifukuzwa niliona wakiosha vyuma na thina. Nikaisokota kama nguo, nikaitundika kwa waya, nikaenda nyumbani. Thina inakula sponji. Leo najua, wakati huo sikujua. Lazima asubuhi ulipata makombo tu. Lakini nilipofika, filta ilikuwa imeshafungwa, na ukaniambia, "Nasi, umeiosha imekuwa kama mpya." Wiki nzima nilitembea Kawangware kama mimi ndiye nilitengeneza skuta.

Ungeniambia! Ningelia siku moja, ningepona. Lakini ulijua nimefukuzwa kwa kosa moja, na ulijua sina roho ya kufukuzwa tena. Ukakata godoro lako. Na sponji ya godoro inaziba haraka, ndiyo maana ulikuwa unaiosha kila Jumamosi, mgongo umenigeuzia, nisione rangi. Miaka miwili ukilala na mguu mmoja kwa mbao ya kitanda. Mimi nikakuambia huniamini mbele ya watu, na ukacheka, ukanyamaza. Anko, mbona ulinyamaza? Nisamehe. Tafadhali nisamehe.

Jumatatu asubuhi sponji ilikuwa imekauka, kivulini, si juani. Nikaweka matone ya oili, nikaifinya mpaka ikaenea sawasawa, nikairudisha. Nilitaka kuhifadhi alama ya kidole chako, lakini kifuniko nilikuwa nimekiweka kando ya karai, na maji ya sabuni yalikuwa yameshaifikia. Imeenda. Niliitafuta na tochi ya simu, nikageuza kifuniko kila upande. Hakuna.

Skuta iliwaka mara ya kwanza. Kwa mlima wa Riruta haikusita hata kidogo, na nikajipata napiga kelele ndani ya helmeti, "Anko! Anko!" kama mwendawazimu. Kevo hajarudi. Lakini mmoja wa wale wawili alikuja jana, akasikiliza injini ikinguruma, akaniachia funguo za pikipiki yake.

Naenda kufungua kibanda sasa. Filta nitaiosha kila Jumamosi, mbele ya watu, na mtu akiuliza mbona sponji ni ya manjano nitamwambia yote, thina na godoro, nicheke mimi wa kwanza. Kamba nimeshaifungua, na godoro liko kitandani kwangu. Hii sponji siku moja itaisha, najua. Usiwe na wasiwasi. Godoro bado lina kona tatu.

Pumzika, Anko wangu.

Ni mimi, Nasimiyu, fundi wako.