Ndege ya Mutu Moja

Mutwanga, chini ya Rwenzori

Yaya Kavugho, mukubwa wangu mupenzi,

Nakusalimia wewe na nyumba yote kule Butembo. Huku mvua inashuka toka mulima kila asubui, lakini leo niko nachemka ndani ya roho.

Nilienda kwa Masika, infirmière mwenye alitunzaka bagonjwa, kumuuliza namna batu balitunzwa wakati ya Ebola, kwa rapport yenye naandikia bureau kwenye natumika. Alinipikia bugali na sombe, akaanza kueleza. Siku moja mugonjwa alimutapikia yeye pamoja na muzungu mwenye alitumikaka naye. Wote wawili, saa ileile. Kesho yake ndege ikakuja kubeba muzungu, na hata homa alikuwa hana. Masika, na mimba yake ya miezi tano, akaomba apande.

"Chef wetu wa kazi alinijibu: 'Ndege ni ya bazungu. Wewe rudi kwako, ungoje.' Nikamuuliza: ugonjwa inaangaliaka ngozi?"

Alingoja. Homa ikamushika, bakamupeleka hospitali ya Beni na pikipiki. Yeye alipona. Mimba ikatoka.

Nilimwambia kama katika rapport nitamuandika namba tu, kwa kumulinda. Akasukuma sahani.

"Hapana! Ule muzungu, batu bote banajua jina yake. Mimi ndiye namba? Andika Masika!"

Nilifuta namba, nikaandika MASIKA mbele ya macho yake. Bakubwa ya bureau bakikasirika, bakasirike.

Yaya, Mungu akuchunge, wewe na ule mutoto mwenye uko naye tumboni. Hospitali bakikuambia ungoje, ukatae kabisa.

Mudogo wako mwenye anakupenda,
Kahambu