Cheti Chako Kilibaki Kazini

Mama Kalunde, shikamoo.

Najua marahaba yako haitanifikia. Lakini sijawahi kuanza mazungumzo na wewe bila shikamoo, na ninayotaka kukwambia leo ni ya hasira, kwa hiyo acha nitangulize adabu kabla haijaniishia.

Walikuacha kazini. Tulikuzika kwenu Goweko, padri akamaliza, watu wakanawa mikono wakarudi makwao. Wiki tatu baadaye nikaingia dukani kwako pale Cheyo, nikakuta cheti chako cha ufamasia bado kinaning'inia juu ya friji, kwenye fremu yake ileile yenye ufa pembeni. Chini ya cheti amesimama shemeji wa tajiri mwenye duka, mwanamume ambaye mpaka mwezi uliopita alikuwa anauza vipuri vya pikipiki, anagawa dawa kwa jina lako. Marehemu alikuwa zamu, Mama.

Kwa nini nilikuwa pale? Tajiri mwenyewe ndiye aliyeniita. Aliuliza watu nani alifundishwa na Mama Kalunde, wakamtajia mimi, Nyamizi, niliyeko Urambo. Nikaacha kazi yangu kule nikaja mbio, nikijiona ninakwenda kushika nafasi yako. Nilijivuna kwenye basi njia nzima, nakwambia ukweli.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza kwako? Nimetoka chuoni na koti jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akaja baba mmoja kununua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, akataka vinne tu badala ya dozi nzima. Nikaanza kumhesabia. Wewe ukaniondoa pale dirishani kwa kiwiko, ukamtazama yule baba juu ya miwani yako, ukamwuliza, "Kwani wewe unaumwa nusu?" Akacheka. Wewe hukucheka. Ukamwambia aketi kwenye benchi, ukamwuliza anaumwa nini, nani alimpima, na karatasi ya daktari iko wapi. Kumbe hakuwa anahitaji rangi mbili hata kidogo, alikuwa na mafua. Akaondoka ananung'unika, akaenda kununua kwenye duka la jirani, na mimi nikakuona mkorofi.

Nilikaa na wewe miezi sita. Watu walikulalamikia kila siku. "Mama Kalunde anauza dawa kama anagawa ardhi." Lakini walirudi, maana walijua ukishawapa umewapa dawa yenyewe, na utawaandikia kwenye bahasha kwa herufi kubwa, na asiyejua kusoma utamchorea jua linachomoza na jua linazama. Mpaka leo nachora majua yako. Yangu yanafanana na chapati, lakini yanaeleweka.

Sasa nirudi kwenye msiba, maana hapo ndipo hasira ya pili ilipoanzia, na hiyo ni yako wewe.

Mtani wako Chiwanga alikuja. Yule Mgogo fundi baiskeli, ungemkosa wapi? Alifika Goweko kabla hata ya ndugu zako wa Dodoma, akaanza vituko vyake tangu getini, anadai ushuru kwa kila Mnyamwezi anayeingia, kwamba mababu zetu walipita nchi yao na misafara wakanywa maji ya visima vyao na mpaka leo hawajalipa. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku kamasi zinawatoka. Ndiyo kazi ya mtani, najua. Kisha akaingia ndani kwenye mizigo yako iliyoletwa kutoka dukani, akatoka amevaa koti lako jeupe na miwani yako kwenye ncha ya pua. Koti limemfika kiunoni. Akaweka kinu uwanjani kiwe kaunta, akapiga kelele, "Foleni! Foleni! Nani hapa anaumwa nusu? Anayeumwa nusu akazikwe nusu!"

Mama, tulicheka. Hata Kalunde mwanao, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu siku uliyofariki, alicheka akaegemea ukuta. Wazee wakapanga foleni kweli, Chiwanga anawapimia mchanga kwenye kizibo cha soda, anawafokea wamalize dozi. Halafu akaingiza mkono mfukoni mwa koti. Akatoa dawa za kweli. Pakiti tatu za vidonge, akazinyanyua juu, watu wakapiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya mchezo. Akataka kumpa bibi mmoja wa mbele. Mimi nikaruka nikamnyang'anya.

Vilikuwa vidonge vya presha. Vyako. Jina lako liko kwenye bahasha kwa mwandiko wako, kimoja kila siku asubuhi, na jua dogo umelichora pembeni sijui kwa ajili ya nani. Vidonge karibu vyote vimo. Kimetobolewa kimoja, vimerukwa kadhaa, kimetobolewa kingine. Nikamwendea Kalunde nyuma ya jiko nikamwonyesha. Akavitazama akasema taratibu, "Alikuwa anakunywa Jumapili tu. Siku za kazi alisema vinamkimbiza chooni."

Nikazitia zile pakiti tatu kwenye mkoba wangu.

Choo cha duka kiko uani, ng'ambo ya ua, kinatumiwa na maduka manne, na ufunguo unashikwa na mama muuza mkaa. Ulikuwa peke yako dirishani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ukitoka, nani atauza? Ukifunga, tajiri atapiga simu kuuliza kwa nini pamefungwa. Kwa hiyo ukaacha vidonge. Wewe! Uliyenifokea mbele ya watu kwa kuhesabu vinne! Uliyemfuata mgonjwa mpaka stendi kwa sababu alisahau bahasha yake! Siku sita kwa wiki ulikuwa unaumwa nusu, na hakuna aliyekuuliza. Hata siku ile kiharusi kilipokuangusha nyuma ya kaunta, waliokuwa dirishani walidhani umeinama kutafuta dawa. Walikusubiri. Walikuwa wamezoea kukusubiri.

Nimekukasirikia sana kwa hilo. Nitakukasirikia mpaka tutakapoonana. Lakini sikumaliza kukukasirikia wewe kabla ya kukutana na yale ya Cheyo, kwa hiyo hasira yenyewe ikabidi niigawe.

Siku ya pili tangu nifike dukani, nikiwa bado namzuia yule shemeji asiguse dawa, akaja Mama Shija wa Ntalikwa. Yule aliyekuwa anakuletea viazi. Amemleta mwanawe wa miaka saba, sikio linatoa usaha, linanuka, shingo imevimba. Kumbe alikuja wiki mbili nyuma. Shemeji akampa vidonge vinne vya rangi mbili, akamwambia avifungue vyote amwagie mtoto unga wake sikioni. Sikioni, Mama Kalunde. Nilidhani sikusikia vizuri, nikamwuliza mara ya pili. Nikamwuliza kwa nini alikubali, yeye ambaye wewe ulimfundisha miaka yote hiyo. Akanyanyua kidole akaonyesha ukutani, akasema, "Niliona cheti cha Mama Kalunde bado kipo pale juu. Nikajua wameendelea na utaratibu wako ule ule."

Nilifunga duka nikawapeleka mwenyewe hospitali. Usaha umekauka, shingo imerudi. Lakini sikio lile mtoto hasikii vizuri, na daktari hajaniambia kama litarudi. Mama Shija hakulaumu mtu yeyote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba aliamini ni bahati mbaya.

Nikashusha cheti chako. Nilipanda kwenye kreti la soda nikakishusha mbele ya shemeji na mbele ya wateja, nikakifuta vumbi kwa upindo wa kanga yangu. Kiko kwa Kalunde sasa.

Tajiri alikuja jioni ile ile, maana shemeji alishampigia simu. Hakuja kwa ukali. Alikuja kwa upole, akaniita msomi. "Nyamizi, ya nini kujichosha? Tundika cheti chako hapo, halafu kapumzike kwenu Urambo. Shemeji yangu atauza, mwisho wa mwezi chako utakipata. Wenzako wengi ndivyo wanavyofanya." Anasema kama ananitafutia raha! Nikamwambia cheti changu hakiendi mahali mimi sipo. Kama anataka cheti, atapata cheti na mtu wake, na nataka mtu wa pili aliyesomea tusaidiane. Akacheka. Akasema, "Mama Kalunde alikaa hapa peke yake miaka yote na hakuwahi kulalamika."

Ndipo nikafungua mkoba nikamwekea zile pakiti tatu mezani.

Akauliza ni nini. Nikamweleza. Nilimweleza yote, choo, ufunguo wa muuza mkaa, Jumapili, yote, tena kwa sauti, na wateja walikuwa dirishani. Akazigeuza pakiti kwa kidole kimoja. Kisha akasema, "Lakini hakuniambia."

Hilo sikulikataa, Mama, kwa sababu najua ni kweli. Ulimwomba mtu wa pili mara kwa mara, mimi mwenyewe nilikusikia. Ulimwambia kazi ni nyingi. Ulimwambia foleni ni ndefu. Hukumwambia unahitaji kwenda chooni. Mwanamke mtu mzima, mama wa watu, utamwambiaje mwanamume mwenye duka kwamba haja ndogo inakubana? Ulimwonea aibu. Yeye naye hakuwahi kujiuliza mtu anayekaa dirishani kutwa nzima anajisaidia saa ngapi. Nilimwambia hilo pia. Nikamwambia, "Hukuuliza. Mimi sitasubiri uulize."

Hakukubali mtu wa pili. Amesema "tutaona," na wewe unaijua tutaona yake. Lakini mimi amenikubali, kwa sababu bila cheti ukutani wakaguzi watamfungia, na aliye tayari kuja kusimama Cheyo kwa sasa ni mimi tu. Shemeji amerudi kwenye vipuri. Na mimi nimeweka utaratibu wangu.

Asubuhi naingia na cheti, nakitundika. Jioni nakishusha, nakwenda nacho nyumbani. Na mchana nikihitaji kwenda uani, nafunga dirisha, nakitoa cheti kwenye msumari, nakitia kwapani, nachukua ufunguo kwa mama muuza mkaa, nakwenda. Fremu yangu ni kubwa kuliko yako, inagonga mlango wa choo. Tajiri amelalamika kwamba ninamwaibisha. Nimemwambia anipe mtu wa pili aliyesomea, nitakiacha ukutani siku hiyo hiyo. Wateja wiki ya kwanza waligonga nondo za dirisha na kuguna. Sasa wanakaa kwenye benchi. Mzee mmoja juzi aliniambia nisiharakishe.

Chiwanga alipita jana na baiskeli ya mtu, akanikuta nakatiza ua na mzigo wangu. Aliitupa baiskeli chini. "Wanyamwezi bwana! Mababu zenu walibeba pembe mpaka pwani, wewe unabeba cheti mpaka chooni!" Akacheka mpaka akashika magoti. Halafu akavua kofia, akafuta macho, akaniambia hakujua vidonge vile vilikuwa vya nini mpaka Kalunde alipomweleza, na kwamba angejua asingevitoa. Nikamwambia alifanya vizuri kuvitoa. Bila yeye vingezikwa pamoja na koti tulilokuzika nalo, na mimi ningekusifia kwa watu kwamba hukuwahi kutoka dirishani hata dakika moja.

Sitakusifia kwa hilo, Mama Kalunde. Nitakusifia kwa mengine yote. Nitaendelea kuwauliza watu kama wanaumwa nusu, na nitawachorea majua yao. Kila mgonjwa wa presha atakayekuja nitamwuliza wazi, hata awe shehe, hata awe mkwe wangu, kama vidonge vinamkimbiza chooni na kama kazini kwake kuna choo. Watanionea haya kwanza, watazoea. Mtoto wa Mama Shija nitampeleka kliniki ya masikio kila wanapomwita. Na siku presha itakaponijia mimi, maana kwetu ipo, nitakunywa dawa yangu Jumatatu kama Jumapili.

Lala salama, mama yangu. Zamu yako nimeishusha ukutani kwa mikono yangu. Ukisikia watu wanagonga dirisha pale Cheyo, usishtuke, si wewe wanayemwita. Ni mimi nimefunga dakika tano, niko uani na cheti kwapani, na wao wanangoja.

Mwanao wa kazi,
Nyamizi