Sufuria Kubwa Nimeondoka Nayo

Tuyizere na Semeni,

Sufuria kubwa msiitafute, nimeondoka nayo. Maharage yapikeni kwenye ile ndogo, na mkiyaunguza mtayala hivyo hivyo. Uji wa Babu msiuguse. Kule zahanati wanapima sukari, wazee wameambiwa waende bila kula kitu. Ataunywa akirudi.

Jana gari la matangazo lilipopita likiwaita wazee wote wa Mwandiga, mlimcheka Babu alivyokimbilia ndani na kufunga mlango. Leo asubuhi nimemkuta kitandani amevaa mashati yake yote matatu, moja juu ya jingine, kama siku ile aliposhuka kwenye boti Kagunga akikimbia vita. Sufuria ameifunga ndani ya shuka. Alidhani wanawakusanya wawarudishe Burundi.

Nikamwambia, "Baba, ni presha tu, sukari na macho. Bure kabisa."

Akanijibu, "Na kule kwetu walituita mkutanoni tu."



~~Semeni, mkimbilie mjomba wako aje tumshawishi.~~ Acha, amekubali. Kasema "ego", yaani ndiyo, twende, ila mashati hayavui mpaka akione hicho kipimo, na mzigo wake lazima uende nasi.

Basi nimejitwika mimi. Watu wa barabarani wacheke wanavyotaka. Ninyi mkituona tunarudi, msicheke. Nipokeeni mzigo, mfungue shuka, sufuria muirudishe jikoni mahali pake. Msiharakishe. Nataka Babu aone.

Mama yenu